Safari Isiyo na Aliyekutuma

Mjini Kakamega, anayetangaza kwamba anaenda ng'ambo huulizwa swali moja: ni masomo au ni kazi? Akisema ni matibabu India ataombewa, na akisema ni hija ataagizwa maji ya Zamzam. Lakini atakayesema kwamba ameomba mwaka mzima bila mshahara, akiwa na miaka arobaini na afya yake, ili azunguke aone dunia, atatazamwa kama mtu aliyefutwa kazi na sasa anatafuta namna ya kulisema kwa heshima. Ninachodai hapa ni kwamba safari ya aina hiyo inawezekana kwa mtu wa huku mwenye ajira ya kawaida, mwalimu au muuguzi au karani wa kaunti, na inastahili kupangwa kwa bidii ileile anayoiweka katika kujenga nyumba. Sharti ni moja: aache kuinakili ramani ya msafiri wa Ulaya. Kile tunachokiona kwa msafiri yule tukakiita ujasiri, sehemu yake kubwa ni sheria, pasipoti na mshahara vilivyomtangulia njiani.

Msafiri yule tunamjua vizuri, maana tumekuwa wenyeji wake. Vijana wa Uingereza, Marekani na Ujerumani wamekuwa wakija Isecheno na Buyangu kuwatazama mbega katika Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho nchini cha ule msitu wa mvua wa Guinea na Kongo. Wengine hukaa miezi kadhaa wakijitolea shuleni, kisha hushika njia ya Uganda. Hakuna anayewauliza ni nani aliyewatuma. Sisi nasi tumesafiri mbali, tena kwa muda mrefu, ila karibu kila safari yetu kubwa ilikuwa na mtumaji. Misafara ya Waswahili iliyopiga kambi Mumias kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ilitembea kwa miguu ya wapagazi waliobeba pembe za mwenye mali. Vijana wa magharibi mwa Kenya waliofika Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 walifika wakiwa askari wa King's African Rifles. Wanafunzi 81 walioruka kwenda Marekani mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, walibeba matumaini ya vijiji vizima vilivyowachangia. Na leo binti wa Khwisero au Lugari anayepanda ndege kwenda Riyadh anakwenda kwa mkataba wa miaka miwili wenye jina la mwajiri. Mzigo, sare, ufadhili, mkataba: daima kipo kitu mkononi kinachoeleza kwa nini umeondoka nyumbani.

Hata hivyo, kutumwa hakumnyimi mtu macho. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, asili yake Ngazija, alimfuata bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Alikwenda kama mtumishi, lakini habari zake, zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyo wa safari za Waswahili, ni za mtu anayepima watu na desturi kwa kipimo chake mwenyewe. Ninamtaja kwa sababu kuna wanaodai kwamba kusafiri kwa ajili ya kuona ni tabia ya kizungu tuliyoambukizwa juzi. Hamu ya kuona ilikuwapo. Kilichokosekana ni ratiba, yaani mtu kuwa na mwaka wake mwenyewe wa kuitumia hamu hiyo bila kumbebea mwingine masanduku.

Ratiba hiyo kwingineko imetungiwa sheria. Ufaransa ilipitisha mwaka 1984 haki ya likizo ndefu ya miezi 6 hadi 11 kwa mfanyakazi aliyekaa kazini miaka ya kutosha, na akirudi anakuta kazi yake au nyingine ya mshahara uleule. Ubelgiji ilifuata mwaka 1985 kwa mpango wa kusimamisha kazi kwa muda huku serikali ikimlipa mhusika posho. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inamhakikishia mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, na mwajiri ndiye mwenye kauli kubwa juu ya lini zichukuliwe. Hapa Kakamega wanaoonja kitu kinachokaribia likizo ya Mfaransa ni wahadhiri, kwani vyuo vikuu vina desturi ya kumpa mhadhiri mwaka wa kujinoa baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, desturi iliyochota wazo lake katika mwaka wa saba wa Torati, ardhi ilipoachwa bila kulimwa. Lakini naye hutakiwa kurudi na ripoti. Kwa wengine wote, likizo ndefu ni ombi linaloandikwa kwa mkubwa wa kazi, na jibu hutegemea hali ya kituo na hali ya mkubwa mwenyewe. Basi yule kijana wa Lyon anayejipiga picha Machu Picchu mwezi wa nane wa safari yake hakuthubutu kama tunavyodhani. Kazi yake imelindwa kisheria.

Tofauti ya pili ndiyo inayouma zaidi, nayo ni ya viza. Balozi nyingi za Ulaya na Marekani humtaka Mkenya athibitishe kwamba atarudi kwao, na ushahidi unaoheshimiwa zaidi ni barua ya mwajiri inayosema mtu huyu yuko kazini, mshahara wake ni kiasi hiki, amepewa likizo hadi tarehe fulani. Ongeza taarifa za benki za miezi kadhaa, tiketi ya kurudi, na pengine hati ya shamba. Sasa mwangalie mtu aliyejiuzulu ili azunguke dunia. Amekivunja kile kile kilichokuwa kimembeba. Mzungu akiacha kazi pasipoti yake haipungui nguvu hata kidogo, ilhali Mkenya akiacha kazi, pasipoti yake ya rangi ileile inakuwa dhaifu kesho yake. Tena kila jaribio lina bei. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, ya Marekani ni dola 185, na ukikataliwa hazirudishwi. Kwa mkazi wa Kakamega kuna pia safari ya zaidi ya kilomita 350 kwenda Nairobi kutoa alama za vidole, malazi, na kurudi. Anayepanga nchi kumi za aina hiyo kwa mwaka mmoja anapanga mwaka wa foleni.

Nimesikia hoja kwamba mfano wa Jessica Nabongo unavunja maneno haya. Mwanamke huyu, aliyezaliwa Detroit na wazazi Waganda, alihitimisha safari ya nchi zote duniani mwaka 2019 huko Ushelisheli, na anatajwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuweka rekodi hiyo kwa ushahidi. Nampa heshima yake kamili. Lakini alikuwa na pasipoti ya Marekani pamoja na ile ya Uganda, na nadhani hakuna anayehitaji kuambiwa ni ipi iliyofungua malango mengi zaidi. Mfano wake unathibitisha kwamba macho ya Kiafrika yanaweza kuizunguka dunia nzima. Hauthibitishi kwamba pasipoti ya Kiafrika pekee ingetosha.

Kwa hiyo swali la kuanzia lisiwe "Ninataka kwenda wapi?" Liwe: ni wapi ninapokwenda bila kumwomba mtu? Jibu ni refu kuliko tunavyofikiri. Mpaka wa Busia uko chini ya kilomita 100 kutoka Kakamega kwa njia ya Mumias, na tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Tanzania inataka pasipoti lakini haitaki viza. Zambia na Botswana vivyo hivyo, na tangu tarehe 1 Januari 2023 Afrika Kusini humpokea Mkenya bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Weka majina hayo kwenye ramani uone yanavyoungana: kutoka Kampala ushuke Mutukula hadi Bukoba, uvuke Ziwa Viktoria hadi Mwanza, treni ya reli ya kati kwenda Tabora na Kigoma, kisha ukipenda urudi Dar es Salaam kutafuta ile reli ya Uhuru ya kilomita 1,860 waliyoijenga Wachina kati ya 1970 na 1975 hadi Kapiri Mposhi. Yote hayo bila kumwandikia balozi hata mmoja. Karatasi atakayoulizwa mara kwa mara ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hiyo kuchanjwa ni mara moja.

Katika njia hiyo msafiri wa Kakamega ana mtaji ambao Mfaransa hana, nao ni Kiswahili. Kitamfikisha kituo cha basi cha Bukoba, soko la Ujiji, hata mitaa ya Lubumbashi akithubutu kuvuka upande ule, huku akielewa utani, akipunguziwa bei na akisikia watu wanavyosemana yeye akiwapo. Ni jambo la ajabu kwamba tunakihesabu kama somo la shule ambalo wengi hapa walilipata kwa taabu, wakati kwa msafiri ni kibali cha maelfu ya kilomita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wahenga walivyosema, na mtu asiyeijua lugha ya mwenyeji hapewi jembe hata akikaa miezi sita; atabaki mgeni wa siku ya kwanza milele.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni majirani, si dunia. Pingamizi hili lina kiburi kidogo ndani yake, kana kwamba dunia huanza pale baridi inapoanza. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kuiona Kigoma, wala, tukiwa wakweli, hajawahi kushuka garini kulitazama jiwe la Ilesi linalotiririsha maji, ingawa hulipita kila akienda Kisumu. Lakini nisimjibu kwa kumcheka tu. Anayetaka kuvuka bahari bado anayo milango: Malaysia, Singapore na Ufilipino humpokea Mkenya bila viza kwa wiki kadhaa, na kwa nchi moja au mbili ngumu, Uingereza tuseme, au Uhispania, barua ya mwajiri bado inaweza kupatikana ikiwa ameomba likizo bila malipo badala ya kujiuzulu. Nchi hizo ngumu ziwekwe mwanzoni mwa mwaka, viza ikiombwa angali anapokea mshahara, kabla hesabu yake ya benki haijaanza kukonda. Zile huru zifuate baadaye, pale atakapokuwa hana tena cha kumwonyesha afisa yeyote.

Sasa tuje kwenye hati ya mshahara, kwa maana ndipo safari nyingi zinapofia. Ichukue ya mwalimu yeyote aliyefundisha miaka kumi na mitano uisome kutoka juu kwenda chini. Baada ya kodi kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi inayokwenda katika mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza 2021. Chini yake ndiko kwenye mambo: akiba ya sacco, mkopo wa sacco, mkopo wa benki, bima ya elimu ya mtoto. Sheria ya Ajira inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na wengi wameishi miaka wakiwa wamesimama juu ya mstari huo huo. Mtu huyu akienda likizo bila malipo, makato hayaendi likizo naye. Mkopo wa sacco usipolipwa, wanaofuatwa ni wadhamini, ambao ni walimu wenzake wa shule ileile, na hakuna jambo linaloharibu jina la mtu kijijini upesi kama mdhamini kukatwa mshahara huku mkopaji yuko Zanzibar. Pensheni nayo husimama: ile asilimia 7.5 yake na ile 15 anayochangia serikali.

Ndiyo maana nasema mpango wa safari ya mwaka mmoja huanza miaka mitatu au minne kabla, na huanza kwa kutokopa. Mkopo uliopo umalizwe, mpya usichukuliwe, na kile kiasi kilichozoea kukatwa kiendelee kukatwa, ila sasa kiingie katika akaunti ya akiba inayoweza kutolewa. Akiba ya kawaida ya sacco haitoki hadi mtu ajiondoe uanachama. Hii haihitaji mshahara mkubwa sana, inahitaji mtu aliyezoea kuishi kwa theluthi moja, na wa namna hiyo Kakamega imejaa. Jambo linalonishangaza ni jinsi nidhamu hii inavyokubalika bila swali ikiwa lengo ni ploti, na inavyoonekana wazimu ikiwa lengo ni safari. Ploti ina hati miliki, watu watasema. Ni kweli. Ina pia kesi za mipaka, kodi, na ndugu wanaolima bila kuuliza.

Pingamizi zito zaidi halihusu pesa yenyewe, linahusu wenye haki juu ya pesa hiyo. Mtu mwenye mshahara katika familia ya hapa ni mlango ambao watu wengi huupitia: karo ya mpwa, dawa za mama, mchango wa mazishi Jumamosi hii na mwingine Jumamosi ijayo. Aondoke mwaka mzima kutazama maporomoko ya Viktoria, nani atashika pengo lake? Sikubaliani na wale wanaojibu kwamba mtu ajifikirie kwanza. Jibu hilo halimfai mtu anayekusudia kurudi na kuzikwa kwao. Naona afadhali bajeti ya msafiri wa Kakamega iwe na fungu ambalo hakuna kitabu cha watalii kinacholitaja, la karo na michango, limehesabiwa kwa miezi kumi na miwili na kuwekwa kando kabla ya nauli. Simu yake itaendelea kulia katika kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi hata akiwa Livingstone, na atatuma. Kama fungu hilo linafanya safari ipungue kutoka miezi kumi na miwili hadi saba, basi iwe saba. Na hayo yote yaelezwe mapema, kwa watu wazima wa nyumbani, kama zinavyoelezwa habari za mahari. Kinachowaudhi wazee mara nyingi ni kusikia kwa wengine kuliko kuondoka kwenyewe. Kwa mwanamke maelezo hayo huwa marefu zaidi, hasa akiwa na mume na watoto, na sidhani mpango wowote wa akiba unaweza kumfupishia.

Basi kwa nini asingoje kustaafu? Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60 tangu 2009, watoto watakuwa wamekua, na kiinua mgongo kitakuwapo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mambo yanayosubiriwa yangekuwa na tabia ya kungoja. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa kizazi kizima kilikuwa mfano wa kazi ya kudumu katika sehemu hii. Septemba 2019 kiliwekwa chini ya meneja mrasimu. Waliokuwa wamepanga maisha yao hadi uzeeni juu ya mshahara ule hawakuwa wazembe, walikuwa wamefanya kila kitu walichoshauriwa. Halafu kuna magoti. Siku mbili ndani ya treni kutoka Dar es Salaam zinamtaka mtu anayeweza kulala ameketi, na mbele ya hayo kuna jambo muhimu kuliko magoti: anayesafiri akiwa na miaka arobaini anarudi na miaka ishirini ya kazi ambamo atakitumia alichokiona. Mwalimu wa jiografia aliyevuka bonde la ufa la magharibi kwa macho yake atalifundisha kwa madarasa ishirini. Mstaafu atawasimulia wajukuu, nao watakuwa kwenye simu.

Ninajua kwamba haya yote yanamhusu mwenye mwajiri. Mwendesha bodaboda wa steji ya Lurambi hahitaji ruhusa ya mtu kuondoka kesho, ila siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula, na sina mpango wa kumpa. Hata kwa wenye ajira, kwa sasa kila mmoja anaomba peke yake, kama vile anaomba msamaha. Lakini likizo ni jambo linaloweza kupiganiwa mezani. Katika mkataba wa pamoja wa 2021 hadi 2025 kati ya vyama vya walimu na Tume ya Huduma za Walimu, ambamo walimu hawakupata nyongeza ya mshahara waliyoitaka, likizo ya uzazi ilipanda kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Siku hizo zilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu walioziandika katika orodha ya madai. Likizo ndefu bila malipo, mara moja katika utumishi, kwa aliyefundisha miaka kumi, na nafasi yake ikilindwa, isingemgharimu mwajiri mshahara hata wa siku moja, na walimu waliohitimu wasio na ajira wa kuishika nafasi hiyo kwa mwaka mmoja wako tele katika kila wadi ya kaunti hii.